Mzio wa chakula katika nyumba za kando ya ziwa: kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo

Malalamiko mengi ninayoyasikia hapa Mwanza huanza kwa maneno yale yale: "Mtoto ana aleji na samaki." Huenda ni kweli. Lakini mtu anayekula dagaa siku tano kati ya saba hawezi kutokwa na vipele, kuumwa tumbo wala kubanwa kifua bila jambo hilo kumpata saa chache baada ya kula dagaa, na ndiyo maana samaki hubebeshwa lawama ya karibu kila kitu katika mwambao huu. Akishaondolewa mezani bila ushahidi, nyumba hupoteza kitoweo cha bei nafuu, huku chanzo halisi kikibaki jikoni au ziwani kikiendelea na kazi yake.

Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye mzio wa karanga, si daktari. Niliyoyaandika ni yale niliyofundishwa na madaktari na maafisa lishe, pamoja na yale ambayo wazazi wenzangu wamekuwa wakiniuliza tena na tena. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na visababu vinavyokutwa zaidi.

Dalili ambazo hazichunguzwi nyumbani

Kabla ya nyingine yoyote, ijue hii. Ikiwa ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula mtu anavimba ulimi au koo, sauti inakwama, anakohoa mfululizo, kifua kinalia kama filimbi, anatapika bila kukoma huku vipele vikisambaa mwilini, anazirai, au mtoto mdogo analegea na kupauka, huo ni mshtuko wa mzio, na kazi ya kutafuta chanzo inasimama hapo hapo. Dawa inayookoa maisha ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na mhudumu wa afya huipima kwa uzito: miligramu 0.01 kwa kila kilo, isizidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Piriton na setirizini hupunguza muwasho tu. Hazifungui koo lililovimba wala hazipandishi shinikizo la damu lililoshuka, na mzazi anayempa mtoto kidonge kisha akakaa kusubiri kifanye kazi anapoteza dakika ambazo hatazipata tena.

Mlaze mgonjwa chali na umwinue miguu. Akishindwa kupumua akiwa amelala mwache akae, ila asisimamishwe wala asitembezwe, kwa kuwa kusimama ghafla kunaweza kumwangusha kabisa. Anayetapika alazwe ubavu. Usimnyweshe maziwa, usimtapishe kwa kidole, usimpe mkaa uliosagwa. Tafuta gari au bajaji ambamo anaweza kulala, na bodaboda iwe ya mwisho pale ambapo hakuna kingine. Hospitali ya rufaa ya Bugando na ile ya mkoa ya Sekou Toure ziko mjini, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 anayetoka Sengerema hasubiri tena kivuko. Lakini anayeishi Ukerewe, Ukara au Kome yuko mbali kwa saa, si kwa dakika, na anapaswa kujua mapema, siku ambayo hakuna anayeumwa, ni kituo gani cha afya cha karibu chenye adrenalini kabatini. Nenda kaulize swali hilo kwa maneno hayo hayo. Hata dalili zikitulia, mgonjwa abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu mshtuko unaweza kurudi bila mtu kula kitu kingine.

Vipele na muwasho baada ya kula samaki au dagaa

Kwa watoto, kinachoongoza kuleta mabaka ya kuwasha si chakula bali maambukizi ya kawaida ya virusi, mafua na homa zake. Kipimo chake hakigharimu kitu: vipele vya mzio wa chakula huja haraka na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja, ilhali vile vinavyoibuka, kuhama na kuibuka tena kwa wiki nzima, hata siku ambazo mtoto amekula ugali na maharage, vina chanzo kingine.

Cha pili ni ziwa lenyewe, na hiki husahaulika kuliko vyote. Mtoto hutumwa mwaloni, ufukweni wanaposhushia samaki, kununua dagaa, akifika anaingia majini na wenzake, anarudi nyumbani, anakula alichokinunua, na usiku anajikuna mapaja mpaka yanatoka damu. Vijidudu vya kichocho huingia mwilini kwa kupenya ngozi, na kupenya huko kunaweza kuleta muwasho na vipele vidogo ndani ya saa chache. Washa taa na uangalie mpaka wa vipele: vikiishia pale maji yalipoishia, yaani magotini au kiunoni, usimlaumu dagaa. Mpeleke mtoto kituo cha afya na umtajie mhudumu tarehe aliyooga ziwani, kwa sababu mayai ya kichocho huonekana kwenye kipimo baada ya wiki kadhaa, na kipimo kilichofanywa kesho yake kitakudanganya kwamba yuko salama. Kichocho kinaweza pia kuleta homa na mabaka ya mwili mzima wiki kadhaa baada ya kuoga, wakati ambao hakuna anayekumbuka tena safari ile ya mwaloni.

Cha tatu ni dawa. Diklofenaki, aspirini, ibuprofeni, amoksilini na dawa za sulfa zote zinaweza kuleta vipele au kuvimba midomo, na kwa kuwa wengi wetu humeza vidonge pamoja na chakula, chakula ndicho kinachokumbukwa. Uliza alimeza nini siku hiyo na siku iliyotangulia.

Cha nne ni samaki aliyeharibika. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yake kuwa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, na histamini haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kubanika. Wanaojulikana zaidi kwa tatizo hili ni samaki wa bahari wenye nyama nyeusi, kama jodari na vibua, wanaotufikia wakiwa kwenye makopo au wamegandishwa, ingawa hata dagaa aliyeanikwa wakati wa mvua akakaa siku tatu bila kukauka si wa kuaminiwa. Mlaji huwa mwekundu usoni na shingoni (kwa mwenye ngozi nyeusi ni joto la uso zaidi kuliko rangi), kichwa kinamgonga, moyo unaenda mbio na mdomo unamwasha, wakati mwingine akiwa amehisi ladha ya pilipili mahali ambapo pilipili haikutiwa. Swali la kuuliza ni moja: wangapi walikula chungu kile, na wangapi wamewashwa? Wakiwa wawili au zaidi, lawama ni ya samaki yule na barafu aliyoikosa. Atupwe, wala asipewe paka.

Mzio halisi wa samaki unakuja baada ya visababu hivyo vyote. Unatambulika kwa kurudia: kila anapokula, hata kipande kidogo, kwa mpishi yeyote, ndani ya saa mbili. Kinachouchochea ni protini za nyama ya samaki ambazo haziharibiki kwa moto, kwa hiyo kumchemsha sana hakusaidii, na kwa kuwa protini hizo hufanana kutoka samaki mmoja hadi mwingine, wengi wanaodhurika na sangara hudhurika pia na sato au kambale. Si wote. Lakini kujua ni yupi anayeweza kuliwa ni kazi ya daktari mwenye vipimo na adrenalini pembeni, na mtu aliyewahi kubanwa pumzi hata mara moja asijaribiwe nyumbani kwa "kipande kidogo tu".

Kuna kisababu cha nadra ambacho nakitaja kwa sababu kimewahi kuwachanganya watu. Nyavu za dagaa hukokota pia uduvi wadogo wa ziwani, na katika fungu lisilochambuliwa vizuri utawaona wakiwa wekundu kidogo, wamejikunja kama kucha iliyokatwa. Mwenye mzio wa kamba na uduvi anaweza kula sato bila shida lolote na kuwashwa na dagaa. Mtu huyo aogope vilevile senene wanaoletwa kutoka Bukoba, na kumbikumbi pia, kwani protini inayomdhuru kwenye kamba ina ndugu yake kwenye wadudu.

Alikula chakula salama, dalili zikaja

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama, na ndipo nasi tulipokwama. Mwanetu alipokuwa na miaka miwili tulishajua kwamba karanga humvimbisha midomo, tukaziondoa, na bado karibu kila Jumamosi asubuhi alitokwa na mabaka shingoni. Uji wake ulikuwa wa mahindi, mtama na ulezi, nafaka ambazo mimi mwenyewe nilizichagua na kuzipeta. Siku moja nikakaa pale mashineni badala ya kuacha ndoo na kuondoka. Aliyekuwa mbele yangu alisaga lishe yenye karanga na soya. Yake ilipokwisha, msagaji aliupiga kwa kiganja ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mdomo wa mashine, akaweka ndoo yangu chini, na cha kwanza kuanguka ndani yake kilikuwa vumbi la rangi ya kahawia lenye harufu ya karanga za kukaanga. Alifanya kazi yake kama alivyoifanya siku zote. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Kwa hiyo, pale chakula kinachojulikana kuwa salama kinapoleta dalili, fuata njia iliyopita kabla hakijafika mdomoni, ukianza na mashine ya kusaga. Unga wa lishe unaouzwa ukiwa umefungashwa mara nyingi huwa na karanga, soya, ngano na wakati mwingine dagaa waliosagwa, hivyo mtoto mwenye mzio wa kimojawapo asipewe bila kujua kilichomo. Kusagisha cha kwanza asubuhi, kabla ya lishe ya mtu mwingine, kunapunguza hatari, na kutanguliza kilo moja ya mahindi ya kupitishia na kuyaweka kando kunaipunguza zaidi. Hakuiondoi, kwa sababu ule mfuko haufuliwi. Kwa mtoto ambaye karanga imewahi kumbana pumzi, sisi tuliacha mashine ya wote, tukanunua ya mkono ya kusagia nyumbani. Unga wake ni wa chengachenga, na uji huchukua muda mrefu kuiva.

Cha pili ni mafuta ya kukaangia. Karai la banda la chipsi hukaanga viazi, mayai, sato na mihogo katika mafuta yale yale kuanzia saa kumi jioni, na ukiinama uangalie chini utaona magamba yamezama. Moto hauui mzio. Mwenye mzio wa samaki au mayai anayeagiza chipsi kavu hapo amekula supu ya vyote. Uliza kama kuna karai la viazi peke yake, na usipoelewa jibu, usinunue.

Cha tatu ni vyombo vya mbao. Kinu kilichotwangia karanga hunyonya mafuta yake, na kisamvu kitakachotwangwa humo kesho yake kitaondoka nayo. Vilevile mwiko na ubao wa kukatia. Kinu hakioshwi kikatakata, kwa hiyo dawa yake ni kuwa na viwili, na kile cha mtoto kitiwe alama ya rangi ambayo hata mgeni wa jikoni ataiona. Sufuria na sahani husafishika kwa maji ya moto na sabuni. Maji matupu hayatoshi, na vitakasa mikono vile vya jeli haviondoi protini ya karanga mikononi, huisambaza tu.

Cha nne ni sinia. Tunakula pamoja, na mkono uliochovya tonge kwenye mboga ya karanga ndio unaoingia tena kwenye ugali wa wote. Sikushauri mtoto akae chumba kingine. Apakuliwe kwanza, kabla ya mikono yote, katika sahani yake ya rangi moja isiyobadilika, na akae kwenye mkeka ule ule. Kuhusu mpangilio wa kupika, wengi hukosea kwa kupika cha mtoto mwishoni, wakati jiko, mwiko na mikono ya mpishi vimeshajaa karanga. Pika chungu kimoja cha mboga bila karanga, mpakulie, kisha tia karanga katika kile kinachobaki kwa wanaozitaka.

Ukishapita njia hiyo bila kupata kitu, fungua daftari. Andika saa ya kula, kila kilichoingia chunguni pamoja na mafuta na kiungo cha supu cha pakiti, aliyepika, dawa zilizomezwa, saa ya dalili, na upige picha ya vipele kwa simu, kwa maana vitakuwa vimepotea utakapofika kwa daktari. Wiki tatu za daftari lililoandikwa vizuri zimewahi kuonyesha kwamba mtoto huvimba siku anayopika shangazi peke yake. Shangazi alikuwa anatumia mafuta ya ufuta.

Mdomo na ulimi kuwasha

Hili mara nyingi si mzio. Magimbi yasiyoiva vizuri yana chembe kama sindano zinazochoma koo la yeyote, na tiba ni kuyachemsha zaidi. Nanasi huchubua ulimi wa anayekula vipande vingi. Embe lina utomvu kwenye ganda na kikonyo unaoleta vipele kuzunguka mdomo, hasa kwa watoto wanaolimenya kwa meno. Lioshwe, limenywe kwa kisu na mtu mwingine, na wengi watalila bila tatizo.

Kinachobaki ni mzio wa matunda yasiyopikwa, ambao kwa kawaida huishia mdomoni na hutulia tunda likipikwa. Mtu anayewashwa na glovu za mpira au maputo, naye akawashwa na ndizi, parachichi au papai, amwambie daktari mambo yote mawili kwa pamoja, na ayataje kabla ya upasuaji wowote. Muwasho ukishuka kooni, rudi kwenye sehemu ya kwanza ya mwongozo huu.

Tumbo kujaa, kuumwa na kuharisha

Kwa watu wazima na watoto wakubwa wanaoumwa tumbo baada ya chai ya maziwa, kisababu cha kawaida ni kushindwa kusaga laktosi, sukari ya maziwa, jambo linalowapata watu wazima wengi Afrika. Huleta gesi na kuharisha, halileti vipele wala kuvimba, na hutegemea kiasi: kikombe kimoja kinavumilika, lita haivumiliki. Jaribu mtindi, ambao laktosi yake imepungua kwa kuchacha. Mzio wa maziwa ni kitu kingine: unatokana na protini, hautegemei kiasi, mtindi haumsaidii mwenye nao, na maziwa ya mbuzi, ambayo hupendekezwa sana mitaani, humdhuru vilevile kwa kuwa protini zake zinafanana na za ng'ombe.

Kisababu cha pili ni uchafu: maji, mikono, kiporo. Aliyeharisha mara moja tu baada ya shughuli ya watu wengi hana haja ya kutafutiwa mzio.

Cha tatu ni muhogo. Kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika baada ya kula muhogo mchungu au ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo, uliovundikwa haraka haraka ni dalili za sumu ya sayanidi. Si aleji ya muhogo, ingawa huitwa hivyo, na sumu hiyo hailiki hata kwa "mwili uliozoea". Mwaka 1985 wilayani Tarime, ng'ambo ya ghuba zetu, watu walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, unaotokana na kula kwa wiki nyingi muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huku kitoweo kikiwa haba. Kutapika na kuchanganyikiwa baada ya kula muhogo ni safari ya hospitali, na unga uliobaki usipikiwe mtu mwingine.

Mtoto mchanga mwenye damu kwenye choo, anayetapika kila baada ya kunyonya, au asiyeongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki, apelekwe bila majaribio ya nyumbani. Huenda ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, ambayo hupitia hata maziwa ya mama. Ikiwa hivyo, daktari anaweza kumwomba mama aache maziwa ya ng'ombe kwa majuma machache na kuangalia. Kumwachisha mtoto ziwa la mama si tiba.

Pumu ya ngozi na chakula cha kwanza

Ngozi kavu, yenye magamba na muwasho kwenye viwiko, magoti na mashavu huwapeleka wazazi moja kwa moja jikoni, wakaondoa mayai, maziwa, samaki na karanga kwa mpigo. Kisababu kikuu cha pumu ya ngozi ni ngozi yenyewe, ambayo haishiki maji vizuri. Anza huko: kuoga kwa muda mfupi bila sabuni kali, kumpaka mafuta mazito yasiyo na manukato akiwa bado na unyevu, na kutumia dawa aliyoandikiwa bila kuiogopa. Ngozi isipotulia baada ya kutunzwa vizuri, ndipo daktari atafikiria chakula.

Watoto hawa ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata mzio wa chakula baadaye, na hapa ushauri umegeuka. Zamani wazazi waliambiwa wachelewe kuwapa karanga. Utafiti wa LEAP uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kinyume: miongoni mwa watoto wachanga wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai, walioanza kula karanga mapema na kuendelea walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini sana kuliko waliozuiwa. Kwa mtoto mwenye pumu kali ya ngozi, kuanza huko kupangwe na daktari kwanza. Kwa wengine, baada ya miezi sita ya kunyonya tu, karanga zilizosagwa laini huchanganywa kwenye uji kidogo kidogo, chakula kipya kimoja kwa wakati, asubuhi na si usiku, siku ambayo mtoto hana homa. Karanga nzima asipewe mtoto chini ya miaka mitano, kwa sababu humkwama kooni.

Kifua kubana bila kula chochote

Katika soko la Mwaloni Kirumba, magunia ya dagaa yanapomwagwa na kupepetwa, vumbi lake linaelea hewani, na mwenye mzio wa samaki au mwenye pumu anaweza kukohoa na kubanwa bila kuonja. Mvuke wa sufuria ya samaki katika jiko lisilo na dirisha hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kulaumu samaki, ondoa moshi wa mkaa na kuni, ambao hubana vifua vya wengi zaidi. Mfanyakazi wa kiwanda cha samaki ambaye kifua humbana siku za kazi na kufunguka siku za mapumziko amweleze daktari kazi yake anayoifanya.

Mtoto anakonda tangu mlo ubadilishwe

Hii ni dalili ya dawa kuzidi ugonjwa. Kisababu cha kwanza ni kuondoa vyakula vingi kuliko inavyohitajika, na cha pili ni kuondoa bila kubadilisha. Mtoto aliyenyimwa maziwa na dagaa kwa pamoja amepoteza vyanzo viwili vikubwa vya kalsiamu, na ugali wenye mchuzi mtupu hautamjenga. Asiyekula samaki apewe maharage, choroko, kunde, mayai, kuku au nyama. Asiyekula maziwa apewe dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao. Asiyekula ngano hana hasara kubwa huku kwetu, maana viazi vitamu, michembe, mtama, wali na mihogo vipo. Mstari wa kadi ukilala miezi miwili, mwone afisa lishe wa halmashauri, na nenda na daftari lako.

Shuleni na msibani

Shuleni mwandikie mwalimu karatasi moja yenye jina la chakula, dalili za hatari na namba ya simu ya mzazi, kisha muulize mpishi, si mwalimu, kilichomo kwenye uji. Msibani na harusini mtoto ale nyumbani kabla ya kutoka, abebe chake kwenye hotpoti, kwa kuwa pilau la watu mia tatu halina anayejua kila kiungo chake.

Ugumu zaidi uko kwa wazee. Bibi yake mwanetu alikuwa akisema, "Mjukuu wangu aonje tu, kidogo hakiui," na sikupata jibu la heshima mpaka siku nilipomwamkia, nikakaa chini, nikamwonyesha kwenye simu picha ya midomo ya mtoto ilivyokuwa usiku ule tulipokimbizana hospitalini. Aliitazama muda mrefu. "Mwanangu, mbona hukunionyesha siku zote hizi?" Tangu hapo yeye ndiye anayewafokea wageni wenye karanga mfukoni.

Mzio wa maziwa na wa mayai huwaacha watoto wengi wanapokua. Wa samaki na wa karanga huwaacha wachache. Ndiyo maana marufuku ya jikoni ipitiwe upya pamoja na daktari kila mwaka au miaka miwili, na jaribio la kukirudisha chakula lifanyike kituoni, asubuhi, mtoto akiwa mzima, adrenalini ikiwa mezani.